Kishikwambi kisimgande muuguzi mkononi: barua ya wazi kwa wakurugenzi wa halmashauri za Mbulu na Hanang'

Kwa Wakurugenzi Watendaji,
Halmashauri ya Mji wa Mbulu,
Halmashauri ya Wilaya ya Mbulu,
Halmashauri ya Wilaya ya Hanang',
Mkoa wa Manyara.

Nakala: Waganga Wakuu na Maafisa TEHAMA wa halmashauri hizo, Idara ya TEHAMA, TAMISEMI, Mamlaka ya Serikali Mtandao.

YAH: SHARTI LA KUSOMA NA KUANDIKA KWA WAKATI MMOJA KATIKA PROGRAMU ZINAZOFANYA KAZI BILA MTANDAO

Ndugu Wakurugenzi,

Nawaandikia juu ya jambo ambalo kwa kawaida huachwa mikononi mwa mwandishi wa programu na halifiki mezani pa bodi ya zabuni. Ni namna programu ya kwenye kishikwambi, simu au kompyuta ya zahanati inavyoifungua hifadhidata yake ya ndani pale inapolazimika kusoma na kuandika kwa wakati mmoja. Hoja yangu ni moja. Kusoma na kuandika hugongana zaidi katika kata zenye mtandao hafifu kuliko mahali penye mtandao mzuri. Kwa hiyo halmashauri zenu tatu zina sababu kubwa kuliko nyingi nchini ya kuliandika jambo hili katika hadidu za rejea, kulipima kabla ya makabidhiano, na kuikataa programu itakayoshindwa.

Hifadhidata ninayoizungumzia haikai kwenye seva Dodoma wala Dar es Salaam. Ni faili lililomo ndani ya kifaa chenyewe, na injini ya kulisoma imejengwa ndani ya programu. Injini inayotumika kuliko zote duniani kwa kazi hii ni SQLite, ambayo imo katika kila simu ya Android na kila iPhone. Mmarekani D. Richard Hipp alianza kuiandika mwaka 2000, akiwa kwenye kazi ya programu ya meli ya kivita ya Marekani, USS Oscar Austin. Programu ya melini ilikuwa ikikwama kila seva ya hifadhidata ilipokosekana, naye akataka kitu kitakachoendelea kufanya kazi bila kuitegemea seva yoyote. Hitaji hilo ndilo alilonalo muuguzi mkunga wa Yaeda Chini leo, na ndiyo maana programu nyingi zinazofika mikononi mwa watumishi wenu zimesimama juu ya injini hiyo. Programu ya Android ya DHIS2, mfumo ambao Wizara ya Afya inautumia kukusanyia takwimu za MTUHA, yaani taarifa za uendeshaji wa huduma za afya, nchi nzima, huhifadhi data zake ndani ya SQLite hadi mtandao upatikane. ODK Collect, inayotumika sana kukusanyia data za utafiti vijijini, nayo huitegemea. Sizilaumu programu hizi mbili. Nazitaja ili ieleweke kwamba tunazungumzia vifaa ambavyo tayari vimo mikononi mwa watu.

Kwa nini basi mgongano uwe mkubwa zaidi kwenu? Mjini, kishikwambi hutuma rekodi mara tu inapojazwa. Uandishi unakatika vipande vidogo vidogo mchana kutwa, kila kimoja kikichukua sehemu ndogo ya sekunde, na anayesoma skrini hahisi chochote. Sasa shukeni kutoka nyanda za juu za Mbulu hadi bonde la Yaeda, waliko Wahadzabe na wafugaji wa Kidatoga walio mbali na zahanati, au nendeni ng'ambo ya Mlima Hanang' kuelekea Basotu na Balang'dalalu. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanza mwaka 1955, imezifikia jamii za namna hii kwa huduma za mkoba kwa miongo mingi: kliniki ya mama na mtoto inafuata watu waliko, chini ya mti au kwenye darasa la shule. Kifaa cha huduma za namna hii kinashinda bila mtandao, pengine siku kadhaa mfululizo. Tuchukulie kliniki tano zenye wahudhuriaji 60 kila moja, na kila mhudhuriaji akiacha safu 10 katika hifadhidata. Hizo ni safu 3,000 zinazongoja kutumwa. Gari linapofika mahali ambapo mnara unashika, programu inaanza kupakia hizo zote, kuziwekea alama ya kwamba zimepokelewa, na papo hapo kuvuta yaliyobadilika huko makao makuu: ratiba za chanjo, orodha za dawa, watoto waliohamia kutoka kata nyingine. Uandishi uliopaswa kusambaa wiki nzima unakuwa mmoja na mkubwa, nao unatokea wakati uleule ambao muuguzi amefika kituoni, ana mama mbele yake, na anataka kufungua kadi ya mtoto.

SQLite katika hali yake ya asili hulilinda faili kwa kufuli. Wasomaji wengi wanaruhusiwa kuwamo pamoja. Mwandishi akitaka kuyamwaga mabadiliko yake kwenye faili, wasomaji wote lazima watoke kwanza, na yeye akiwa ndani hakuna anayeingia. Anayebisha hodi akakuta kufuli hupewa jibu la SQLITE_BUSY, yaani pana kazi, rudi baadaye. Injini yenyewe haisubiri hata kidogo mpaka iambiwe isubiri. Android imeiwekea kikomo cha kusubiri cha sekunde 2.5, lakini kwenye Android kuna jambo zito kuliko hilo: programu isipowasha njia ya WAL, nitakayoieleza hapa chini, mfumo huipa muunganisho mmoja tu wa hifadhidata, kwa hiyo msomaji anabaki foleni hadi muamala wa mwandishi, yaani fungu la mabadiliko linalothibitishwa au kufutwa lote kwa pamoja, uishe. Na miamala mingi imeandikwa vibaya. Mwandishi wa programu anaufungua muamala, anaanza kuvuta data kutoka seva, anaandika kila kipande kinapowasili, kisha mwisho kabisa ndipo anauthibitisha. Mahali penye mtandao wa kasi makosa haya hayaonekani. Mahali ambapo kipande kimoja kinaweza kuchukua nusu dakika, kufuli linakaa kwa dakika nyingi. Kama skrini nayo inasoma hifadhidata moja kwa moja, ikikaa sekunde 5 bila kuitikia mguso, Android humuuliza mtumiaji kama aifunge programu. Muuguzi mwenye foleni ataifunga. Akiifunga, muamala ambao haujathibitishwa unafutwa wote, fomu aliyokuwa akiijaza inapotea, na upakuaji unaanza upya kutoka mwanzo mara nyingine atakapofungua. Siku hiyo rekodi hazitatumwa, kesho yake mzigo utakuwa mkubwa zaidi, na kufuli la kesho litakuwa refu kuliko la leo. Ni mzunguko unaojilisha wenyewe, na chanzo chake ni uhaba wa mtandao, sio uzembe wa mtumishi. Taarifa ya wilaya itakayosema kituo fulani hakijatuma takwimu kwa wakati haitaonyesha kwamba muuguzi alijaribu mara nne.

Hapo ndipo baadhi ya waandishi wa programu hukimbilia kache ya pamoja, hasa katika programu zinazobeba injini yao wenyewe na zile za kwenye kompyuta za vituo. Kwa kawaida kila muunganisho unaofunguliwa kwenye hifadhidata huwa na kache yake, yaani sehemu ya kumbukumbu inayotunza kurasa zilizosomwa hivi karibuni. Kache ya pamoja inaiondoa mipaka hiyo: miunganisho yote iliyo ndani ya programu moja inasoma na kuandika kupitia kache moja. Historia yake inafundisha. Iliingizwa SQLite mwaka 2006 kwa ombi la watengenezaji wa Symbian, mfumo uliokuwa katika simu za Nokia za wakati ule. Tatizo lao lilikuwa kwamba orodha ya majina ya simu inapokuwa ikisawazishwa, faili lake hufungwa. Simu ikiita katikati ya kazi hiyo, mfumo unashindwa kusoma jina, picha na mlio wa anayepiga. Tazameni jinsi tatizo hilo linavyofanana na la muuguzi wa Yaeda: usawazishaji unaandika, na mtu aliye mbele ya skrini anataka kusoma sasa hivi. Ni jambo la kueleweka kwamba mwandishi wa programu akilisoma tatizo lake katika historia hiyo atavutwa na dawa iliyotumika. Dawa hiyo ndiyo mbovu, na watunzaji wa SQLite wenyewe wamesema hivyo waziwazi: nyaraka zao zinaitaja kache ya pamoja kama kitu kilichopitwa na wakati, zinashauri kisitumike, na zinawataka wanaojijengea nakala yao ya injini wakiondoe kabisa.

Ubovu wake uko wapi? Kwanza, haimwongezi mwandishi wa pili. Kache moja ya pamoja huruhusu muamala mmoja tu wa kuandika kwa wakati mmoja, kama ilivyokuwa kabla. Kinachobadilika ni kwamba kufuli linashuka kutoka ngazi ya faili hadi ngazi ya jedwali: anayeandika jedwali la chanjo anamzuia anayelisoma jedwali hilohilo, ingawa hamzuii anayesoma la dawa. Kwa zahanati hiyo ni nafuu ndogo mno, kwa sababu jedwali linaloandikwa na usawazishaji ndilo muuguzi anataka kulisoma. Kisha kuna mtego ambao umewanasa wengi. Anayekutana na kufuli la jedwali hapewi SQLITE_BUSY. Anapewa SQLITE_LOCKED, na muda wa kusubiri uliowekwa na mwandishi wa programu hauna nguvu juu ya jibu hilo. Mtu ameweka sekunde 30 za subira akaridhika kwamba amejikinga, kumbe programu yake inarudishwa mlangoni papo kwa papo na kumwonyesha mtumiaji kosa lisiloeleweka. Iko njia ya kuiomba injini iarifu kufuli linapofunguka, lakini inahitaji kazi ya ziada na uangalifu ambao programu za bei nafuu hazina.

Lililo baya zaidi ni hili. Ili kulikwepa kufuli la jedwali, kache ya pamoja inatoa ruhusa ya kusoma mabadiliko ambayo bado hayajathibitishwa. Fikirini wauguzi wawili na kitabu kimoja cha MTUHA, mmoja bado anaandika kwa penseli akiwa na uhuru wa kufuta, na mwenzake anachungulia begani kwake akinakili namba kwenye ripoti ya mwezi. Rekodi ya mtoto imeshafika kutoka seva lakini orodha ya chanjo zake haijafika: skrini itaonyesha mtoto asiye na chanjo hata moja. Au chanjo ya surua-rubella ya miezi 9 imeandikwa, muuguzi akaiona kwenye skrini akamruhusu mama aende, kisha mtandao ukakatika, muamala ukafutwa, na rekodi aliyoiona haipo tena popote. Katika hali hizo mbili programu haionyeshi kosa lolote. Inaonyesha uongo kwa utulivu, na mtoto anachomwa mara mbili au anarukwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu kuhakikisha kuwa ni sahihi, na kwa taarifa za wagonjwa wa kituo cha halmashauri, wajibu huo hamwezi kumwachia aliyewauzia programu. Kwa maoni yangu hoja hii peke yake inatosha kuipiga marufuku kache ya pamoja katika programu yoyote inayogusa afya, hata kama zile nyingine zote zingejibiwa.

Njia bora imekuwapo tangu Julai 2010, toleo la 3.7.0 la SQLite lilipokuja na WAL (write-ahead logging). Mwandishi haandiki tena juu ya faili kuu. Anaongeza mabadiliko yake mwishoni mwa faili la pembeni, na kila msomaji anaendelea kuiona hifadhidata kama ilivyokuwa alipoanza kusoma, bila kumsubiri mwandishi na bila kumsubirisha. Usawazishaji unaweza kuandika safu zake huku muuguzi akifungua kadi, naye atakiona kilichothibitishwa peke yake. Kila kipande katika faili la pembeni kina alama ya ukaguzi, kwa hiyo umeme ukikatika kikiwa nusu, injini inakitambua na kukipuuza. Faili hilo likifika kurasa zipatazo 1,000, sawa na takriban megabaiti 4 kwa ukubwa wa kawaida wa ukurasa, yaliyomo huhamishiwa kwenye faili kuu. Hakuna gharama ya leseni, kwani SQLite ni mali ya umma.

Hapa kuna jambo ambalo naomba Maafisa TEHAMA walisome mara mbili. Waandishi wengi wa programu za Android hutumia maktaba ya Room, iliyotengenezwa na Google, na husema kwa nia njema kwamba WAL imewashwa kwa sababu ndivyo Room inavyofanya bila kuambiwa. Ni kweli kwa simu nzuri. Kwenye kifaa kinachojitambulisha kuwa na kumbukumbu ndogo, Room iliyoachwa ijichagulie yenyewe huiacha WAL na kurudi kwenye njia ya zamani ya kufuli, wala haimwambii mtu. Simu za bei ya chini zenye Android Go ni za kundi hilo. Maana yake ni kwamba programu inaweza kujaribiwa kwenye simu ya mtengenezaji mjini ikapita bila doa, kisha ikafika Masieda au Bassodesh kwenye kifaa cha bei ndogo ikawa programu nyingine kabisa. Jaribio lililofanyika kwenye kifaa tofauti na kile kitakachotumika si jaribio, na halmashauri isililipie. Anayeandika programu anaweza kuiamuru Room itumie WAL bila kujali aina ya kifaa. Ni mstari mmoja wa msimbo.

WAL haimalizi kila kitu, na sitaki kuiuza kama dawa ya yote. Mwandishi anabaki kuwa mmoja kwa wakati mmoja. Kwa hiyo miamala lazima iwe mifupi: data zivutwe kwanza na kuwekwa kando, kisha ziandikwe kwa mafungu ya safu mia moja au mia mbili, kila fungu na muamala wake, na mtandao usingojwe kamwe ndani ya muamala uliofunguliwa. Kwa mpango huo, mtandao ukikatika katikati ya safu 3,000, zinarudiwa za fungu moja tu, na kazi inaendelea pale ilipoishia. Ule mzunguko niliouelezea unakatika hapo. Muamala unaojua kwamba utaandika uombe nafasi ya kuandika tangu mwanzo. Ukianza kwa kusoma kisha ukageuka kuwa wa kuandika, na mwingine akawa ameandika katikati, injini huukataa bila kusubiri. Na msomaji asikae ndani saa nzima, kwa sababu faili la pembeni halitaweza kumalizwa kuhamishwa na litakua bila mwisho. Skrini ya ripoti iliyoachwa wazi inatosha kusababisha hayo ikiwa imeandikwa ovyo.

Watakuwapo watakaosema kwamba kishikwambi kina mtumiaji mmoja, kwa hiyo habari za kusoma na kuandika kwa pamoja ni za mabenki. Mtumiaji wa pili ni usawazishaji wenyewe, unaofanya kazi nyuma ya skrini bila kuonekana. Wa tatu ni kazi ya kuhifadhi rasimu ya fomu kila baada ya sekunde chache, na wa nne ni ripoti inayohesabu wahudhuriaji wa mwezi. Programu ya leo haina mtumiaji mmoja hata siku moja.

Pingamizi la kumbukumbu ni la haki zaidi, kwa kuwa ndilo lililoipa kache ya pamoja sifa yake. Kifaa cha bei nafuu kina gigabaiti 1 tu, wanasema, na kila muunganisho ukiwa na kache yake, kifaa kitalemewa. Tuhesabu. Kikomo cha kawaida cha kache katika SQLite ni kama megabaiti 2 kwa kila muunganisho. Miunganisho minne ni megabaiti 8, chini ya asilimia 1 ya gigabaiti hiyo. Picha moja ya kamera ikifunguliwa kwa ukubwa wake kamili inakula kumbukumbu zaidi ya hapo. Mwaka 2006 akiba hiyo ilikuwa na maana. Leo haiwezi kuhalalisha kumwonyesha muuguzi rekodi isiyothibitishwa.

Wengine watasema subira inatosha, kwani minara inajengwa. Ni kweli, na ni kazi njema: mwaka 2023 Serikali kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 vijijini. Lakini mnara haufuti mgongano. Unapunguza urefu wa ukimya kati ya usawazishaji mmoja na mwingine. Kuta za bonde la ufa zitaendelea kuzuia mawimbi katika baadhi ya maeneo, umeme utakatika, vifurushi vitaisha, na kila mtandao unaporudi, mzigo uliolala utaamka kwa pamoja. Tena huja siku ambayo kila kitu kinakatika kwa wakati mmoja. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, matope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang' yakafunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji kama Gendabi, na watu zaidi ya 80 wakafariki. Siku kama hiyo majeruhi wanafika kwa wingi, waokoaji wanaandikisha kaya zilizopoteza makazi, barabara na mawasiliano vinayumba, na vifaa vinaandikwa na kusomwa kwa kasi ambayo hakuna aliyeipigia hesabu. Programu iliyopimwa kwa siku ya kawaida tu haijapimwa kwa ajili ya Hanang'.

Lipo pia pendekezo la kuachana na hifadhidata za ndani na kuweka seva. Kwa hospitali nakubaliana nalo moja kwa moja. Haydom au Tumaini ya Katesh, yenye mapokezi, maabara, duka la dawa na wodi zinazoandika kwa pamoja kutoka kompyuta nyingi, inahitaji seva halisi ya hifadhidata ndani ya jengo, na wenye SQLite wenyewe wanashauri hivyo. Kosa ambalo ningeomba mlikague ni lile la katikati: faili la SQLite limewekwa kwenye folda ya pamoja, na kompyuta tatu za kituo cha afya zinalifungua kupitia nyaya za mtandao wa ndani. WAL haifanyi kazi katika mpangilio huo, kwani inahitaji wote wawe kwenye mashine moja, na kufuli za folda za mtandaoni hazitegemeki. Siku moja faili litaharibika. Lakini seva haiwezi kupanda gari la huduma za mkoba. Zahanati na kliniki ya chini ya mti vitaendelea kuhitaji hifadhidata iliyo ndani ya kifaa.

Nimesikia hoja mbili dhidi ya WAL zinazostahili jibu. Ya kwanza ni kwamba umeme ukikatika inaweza kupoteza rekodi za mwisho kabisa. Hilo hutokea pale mwandishi wa programu alipochagua kiwango cha kati cha usalama ili kupata kasi. Faili haliharibiki, lakini miamala michache ya mwisho inaweza kurudi nyuma. Kwa rekodi za afya kichaguliwe kiwango kamili, ambacho huhakikisha kila muamala umetua diski kabla ya kuitwa umethibitishwa. Kasi inayopotea kwa muuguzi anayejaza fomu moja baada ya nyingine haionekani. Ya pili ni kwamba WAL huzaa mafaili ya ziada, na mtumishi anayenakili data kwenye flashi kuzipeleka Katesh au Mbulu mjini atachukua faili kuu na kuliacha la pembeni, ambalo ndilo lenye kazi ya siku za karibuni. Hatari hiyo ni ya kweli. Dawa yake ni kutomwachia mtu kunakili faili kwa mkono: programu iwe na kitufe cha kutoa nakala, kinachotumia njia ya injini yenyewe ya kutengeneza nakala kamili huku kazi ikiendelea.

Mtaniambia haya yote ni ya wataalamu, na mkurugenzi hawezi kukagua msimbo. Hamhitaji kuukagua. Mamlaka ya Serikali Mtandao imepewa na sheria ya mwaka 2019 jukumu la kusimamia viwango vya mifumo ya taasisi za umma, na Maafisa TEHAMA wenu wanaweza kuiomba ushauri. Lakini jaribio lenyewe linaweza kufanywa mezani mbele yenu. Chukueni kifaa kilekile kitakachogawiwa, cha bei ileile. Kijazwe rekodi 3,000 zisizotumwa. Washeni mtandao hafifu, na wakati usawazishaji unaendelea, muuguzi mkunga wa kweli afungue kadi, ajaze fomu na kutoa ripoti. Kateni mtandao katikati, kisha kizimeni kifaa ghafla kikiwa kinaandika. Kikiwaka, hesabuni: kila fomu ambayo skrini ilisema imehifadhiwa lazima iwepo, hakuna kadi iliyoonyesha nusu ya rekodi, na skrini haikuganda hata mara moja kiasi cha mfumo kuuliza kama programu ifungwe. Mzabuni atoe pia maelezo ya maandishi, ukurasa mmoja, akieleza kwamba hatumii kache ya pamoja, kwamba WAL imewashwa kwa amri na sio kwa bahati, urefu wa miamala yake, na namna nakala zinavyotolewa. Atakayeshindwa kuandika ukurasa huo hajui programu yake inafanya nini vijijini.

Naomba sharti hili liingie katika hadidu za rejea za kila programu mtakayonunua au kupokea kama msaada, kwa sababu programu ya msaada hugandisha kazi sawasawa na ya kununuliwa. Na kwa zile ambazo tayari ziko vituoni, waiteni waliozitengeneza walete vifaa mezani na kulifanya jaribio hilo kabla mwaka mpya wa fedha haujaanza mwezi Julai.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwandishi wa programu